Mtoto Anayejilea Mwenyewe



Yatima ni wa namna mbili. Wa kwanza wazazi wake wamekufa. Watu wanamjua, wanamhurumia, na jina lake limeandikwa katika kitabu cha kanisa kusudi apate msaada. Wa pili baba yake yuko hai, mama yake yuko hai, lakini jua likitua hakuna anayemwuliza kama amekula. Akiwa na homa hakuna anayemgusa paji la uso. Akikosa masomo siku tatu hakuna anayejua. Jina lake halimo katika kitabu chochote, kwa sababu watu wanasema, "Huyu ana wazazi wake." Tunataka kusema habari za huyu wa pili.

Labda ni wewe. Labda una miaka 13, na unasoma maneno haya hapa kwenye benchi ya wagonjwa, umempakata mdogo wako anayeharisha, na hakuna mtu mzima aliyekuja pamoja nawe. Ao labda una miaka 40, una nyumba yako na watoto wako, na habari za utoto wako hujamwambia mtu hata mmoja. Sisi tunaotumika katika hospitali tunawaona ninyi wote wawili, na mara nyingi tunawatambua mbele hamjasema neno. Mtoto wa namna hii hushika fishi yake kwa mikono miwili, halii mbele ya sindano, na hujibu maswali kama mtu mzima. Mtu mzima wa namna hii huja siku ya nane ya ugonjwa.

UMASKINI SI KUACHILIWA

Tutenge kwanza mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Mama anayetoka alfajiri kwenda shamba na kurudi jioni na mzigo wa mihogo kichwani hakumwacha mtoto wake. Akiingia tu anauliza, "Mmekula nini? Mtoto alilala? Nani alimpa maji?" Nyumba yake ni ya majani na mtoto ana shati moja, lakini mtoto ana mtu. Kuachiliwa ni jambo lingine. Kunaweza kuingia hata katika nyumba ya bati yenye redio na viti vizuri. Baba ana faranga za lutuku na hana za kaye ya masomo. Mama anakwenda kwa ndugu zake siku nne, hakuaga, hakuacha unga. Pengine hawapigi wala hawatukani. Hawamwoni tu.

Wala tusiwe wepesi wa kuhukumu. Mama mwingine analala siku nzima akiangalia ukuta tangu alipozaa. Huo ni ugonjwa wa huzuni, una matibabu, na aletwe hospitali kama mgonjwa mwingine yeyote. Baba mwingine alikimbia vita, na akili yake haikurudi pamoja na miguu yake. Wengine waliachiliwa wao wenyewe walipokuwa wadogo. Hawakuona mtu akimlea mtoto, wangejifunza wapi?

Lakini kueleza sababu ya jambo si kusema kwamba ni sawa. Sheria ya nchi yetu, namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inamhesabu kila mtu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inampa haki ya kutunzwa. Sheria hiyohiyo inakataza kumshitaki mtoto kwamba ni mchawi. Tunalitaja neno hili kwa sababu tunajua ni nani wanaoshitakiwa. Si yule ambaye mama yake anasimama mlangoni mwa nyumba kumtetea. Ni yule anayezunguka peke yake jioni akitafuta chakula, mchafu, mwenye macho makali, asiye na mtu wa kusema kwa ajili yake.

MWILI UNASEMA

Katika Kivu watu huuita ugonjwa huu bwaki. Waganga wanauita kwashiorkor, na wengi wanafikiri neno hili ni la Kizungu. Sivyo. Ni la Waga, watu wa upande wa Accra katika nchi ya Ghana. Daktari mwanamke, Cicely Williams, aliyezaliwa Jamaica, alikuwa akifanya kazi huko. Mwaka wa 1933 aliandika juu ya watoto wenye miguu iliyovimba na ngozi inayobanduka, na mwaka wa 1935 aliandika tena, akatumia jina ambalo akina mama wa pale walikuwa nalo. Maana yake ni ugonjwa unaomshika mtoto wakati mdogo wake anapozaliwa. Wanawake wale hawakuwa na maabara, lakini walikuwa wameona kwamba mtoto anayeondolewa mgongoni na kifuani siku moja, akapewa bugali tupu na kuambiwa, "Wewe ni mkubwa sasa," huyo ndiye anayevimba.

Dalili zake uzishike. Miguu yote miwili imevimba. Ukibonyeza juu ya unyayo kwa kidole gumba na kuhesabu mpaka tatu, shimo linabaki. Nywele zinakuwa nyekundu na kung'oka bila kuuma. Ngozi inabanduka kama iliyoungua. Na uso: mtoto hachezi, hacheki, anageuka na kuangalia ukuta, chakula hakitaki. Mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 5 akipimwa mkono wa juu kwa ule utepe wa rangi, kipimo kikiwa chini ya milimita 115, ni rangi nyekundu, na hatari ni kubwa hata kama hakuvimba.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui. Shirika la Afya la Dunia, OMS, limepanga hatua 10 za kumponya mtoto mwenye utapiamlo mkali. Zinaanza na kuongeza sukari katika damu na kumpasha mwili joto. Zinaendelea na maji, na dawa za kuua vijidudu, na maziwa kidogo kidogo. Hatua ya 9 si dawa wala si chakula. Ni kumpakata mtoto, kumchezesha, kusema naye kwa upole, kumpa kitu cha kushika na kugonga. Imewekwa katika mpango uleule wa matibabu. Basi mtu asituambie kwamba kumwangalia mtoto ni jambo la moyo tu, na kwamba tumbo likijaa inatosha.

ANAYOYAJUA MTOTO HUYU

Mtoto aliyeachiliwa hujifunza upesi. Akiwa na miaka 8 anajua kuwasha moto kwa kaa la jirani. Akiwa na miaka 10 anajua bei ya chumvi katika maduka matatu. Anajua kusoma uso wa baba yake mlangoni, kama leo ni siku ya kusema ao siku ya kunyamaza. Hatutasema kwamba haya ni madogo. Ni akili na ni nguvu, na mwenye nayo asione haya. Tena kazi za nyumba si ubaya. Desturi yetu ni kwamba mtoto achote maji, na dada ambebe mdogo wake. Ubaya ni pale ambapo dada anaibeba nyumba nzima, na hakuna anayembeba yeye.

Kama ni wewe, mwanangu, na kesho utapika tena peke yako, tunataka upike bila kujiumiza.

Muhogo mchungu una sumu. Sumu hiyo hutoka ukiuloweka siku tatu na kuukausha vizuri juani. Mwenye njaa huona siku tatu ni nyingi, anautoa siku ya kwanza. Usifanye hivyo. Mwaka wa 1938 daktari Trolli aliandika juu ya ugonjwa wa Kwango unaoitwa konzo: miguu inakakamaa ghafula, na hairudi kuwa kama zamani. Unawashika zaidi watoto na wanawake, wakati wa njaa, wanapokula muhogo wa haraka bila mboga yenye nguvu. Njaa ikikusukuma leo, kula ndizi, kiazi ao boga, na muhogo uuache majini umalize siku zake. Na bugali peke yake haijengi mwili. Tia karanga zilizotwangwa katika sombe, ao maharagwe, ao unga wa soya, ao kiganja cha ndagala. Kidogo kila siku ni bora kuliko nyama ya sikukuu.

Mtoto akiharisha, usimnyime maji. Chukua litre moja ya maji yaliyochemka na kupoa, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kusawazishwa, si vya kurundika. Onja: chumvi isipite ile ya machozi. Ukipata paketi ya SRO katika dispanseri, itumie hiyo, ni bora zaidi, na uombe zinki pamoja nayo. Mnyweshe kidogo kidogo, na aendelee kunyonya na kula. Lakini akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akishikwa na degedege, akiwa mlegevu hata haamki, ao ukiona damu katika choo, usingoje mtu arudi nyumbani. Mbebe uje.

Akiungua moto, mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha funika kwa kitambaa safi. Usipake mafuta, wala udongo, wala dawa ya meno. Petroli ya taa usiiweke katika chupa ya kunywea. Mdogo wako hajui kusoma.

Liko neno moja tena, na hili ni kwa wasichana zaidi, lakini si kwao peke yao. Mtoto asiye na mtu wa kumwangalia, watu wabaya wanamjua upesi kuliko watu wema. Mwanaume anakupa sabuni, anakupa faranga za kaye, anasema, "Mimi ndiye baba yako sasa," na baadaye anasema, "Usimwambie mtu." Neno hilo la mwisho ndilo dalili. Anayekupa kitu kwa wema hana sababu ya kukuficha. Na kama amekwisha kukutenda vibaya kwa nguvu, kosa ni lake, si lako. Njoo hospitali upesi, usioge kwanza, mbele saa 72 hazijapita, maana kuna dawa ya kuzuia virusi vya SIDA ambayo haifanyi kazi tena baada ya siku tatu. Hata kama siku zimepita, njoo.

BULA MATARI ALIKUWA MTOTO

Watu wengi wa Kongo wamesikia jina Bula Matari, maana yake mvunja mawe. Wazee walimpa jina hili Henry Morton Stanley, na baadaye serikali ya Wabelgiji nayo iliitwa hivyo. Mji wa Kisangani ulichukua jina lake mpaka mwaka wa 1966. Si wengi wanaojua kwamba alikuwa mtoto wa namna tunayoisema hapa. Hatumtaji kwa kumsifu. Tunamtaja kwa sababu aliandika habari za utoto wake, na kitabu hicho kilitolewa mwaka wa 1909, alipokuwa amekwisha kufa.

Alizaliwa mwaka wa 1841 katika mji wa Denbigh, nchi ya Wales, akaitwa John Rowlands. Mama yake hakuwa ameolewa. Alimwacha mtoto kwa babu, akaenda zake. Babu alikufa mtoto akiwa na miaka 5. Wajomba wakalipa jirani amlishe. Kisha wakachoka kulipa. Siku moja ya Februari 1847 kijana wa nyumba ile alimshika mkono, akamwambia wanakwenda kwa mama yake mdogo. Wakatembea mpaka penye nyumba kubwa ya mawe katika mji wa St Asaph, nyumba ambamo serikali iliwaweka maskini. Mlango ukafunguliwa, mtoto akaingizwa, mlango ukafungwa. Alikaa ndani yake miaka 9. Katika miaka hiyo mama yake mwenyewe aliletwa katika nyumba ileile pamoja na watoto wengine wawili. Mtoto hakumtambua. Mkuu wa nyumba ndiye aliyemwonyesha kwa kidole: yule ndiye mama yako.

Alijifunza kusoma, akapenda ramani sana. Mwaka wa 1855 askofu alimpa Biblia kwa sababu ya bidii yake. Alitoka akiwa na miaka 15, akazunguka kwa ndugu ambao hawakumtaka, akapanda merikebu, akafika New Orleans katika Marekani mwaka wa 1859. Huko aliacha jina la John Rowlands, akachukua jina jipya, na kwa miaka mingi aliwaambia watu kwamba yeye ni mzaliwa wa Marekani. Mwaka wa 1862 alirudi Wales, mgonjwa na maskini, akagonga mlango wa mama yake. Hakupokelewa.

Yaliyofuata mnayajua. Alikutana na Livingstone huko Ujiji mwaka wa 1871. Alitoka Bagamoyo mwaka wa 1874 na kufika Boma mwezi wa Agosti 1877, akiufuata mto huu wetu. Nani atakataa kwamba mtu huyu alijua kujitegemea? Lakini wazungu watatu aliotoka nao pwani walikufa wote njiani, na wapagazi wengi sana walikufa vilevile, na katika vitabu vyake mwenyewe alieleza namna alivyowachapa fimbo wapagazi na kuwafunga minyororo. Kisha alimtumikia mfalme Leopold II tangu 1879 mpaka 1884, na matunda ya kazi ile babu zetu waliyala.

Hatusemi kwamba mabaya yote haya yalitoka katika nyumba ya St Asaph. Leopold alikulia katika nyumba ya kifalme, na hakuwa bora. Wala si kila aliyeachwa na mama yake amewapiga watu fimbo. Wengi ni wapole kuliko sisi. Lakini mwandishi wa maneno haya anaona jambo moja katika maisha yale. Mtoto aliyejifunza kwamba mlango hufungwa nyuma yake alijifunza kutomhitaji mtu. Na mtu asiyemhitaji mtu huweza kuwahesabu watu kama mizigo. Jina ambalo wazee walimpa ni la kuvunja mawe. Hakuna aliyemwita mwenye kuuliza kama wamekula.

Katika uzee wake yeye na mke wake, Dorothy, walichukua mtoto mchanga ambaye hakuwa wao wa kuzaa, wakamlea kama mwana wao, wakamwita Denzil. Hilo nalo liandikwe.

WATOTO WA KISIWA CHA KAUAI

Sasa twende mbali kidogo, kwenye kisiwa cha Kauai katika bahari ya Pasifiki, ambacho ni cha Hawaii, jimbo la Marekani. Wazazi wengi wa huko walikuwa wafanyakazi wa mashamba ya miwa na mananasi. Mwanamke mwenye elimu, Emmy Werner, pamoja na mwenzake Ruth Smith, waliwafuata watoto 698 waliozaliwa mwaka wa 1955, si kwa mwaka mmoja ao miwili, bali mpaka walipofika miaka 40. Kwa sehemu moja ya tatu ya watoto hao mambo yalikuwa mabaya tangu mwanzo: umaskini, ugomvi katika nyumba, baba mlevi, mama mwenye ugonjwa wa akili. Kati ya hao wenye taabu, wengi walipata shida ya masomo ao ya tabia mbele ya kufika miaka 18. Lakini mmoja kwa kila watatu alikua vizuri, mtu wa kazi, mwenye upendo, mwenye kutumainiwa.

Kwa nini hao? Werner alitafuta, na aliyoyakuta yanatufaa sana. Walikuwa na kazi za kufanya katika nyumba, kazi ambazo watu waliwategemea kuzifanya. Hilo tumelisema. Lakini tena, kila mmoja alikuwa amepata walau mtu mmoja aliyemshika na hakumwacha. Mara nyingi hakuwa baba wala mama. Alikuwa nyanya, ao shangazi, ao jirani, ao mwalimu, ao mtu wa kanisa. Na watoto hao hawakungoja mtu huyo aje. Walikuwa na ufundi wa kumtafuta. Walijua mlango gani wa kugonga, na waligonga.

Tazama basi ilivyo tofauti na tunavyofikiri. Sisi husema mtoto aliyejitegemea ni yule asiyeomba mtu. Wale wa Kauai waliosimama vizuri ndio waliojua kuomba, na kumwomba nani. Tena kati ya wale walioharibikiwa walipokuwa vijana, wengi walinyoka walipofika miaka thelathini na arobaini: wengine kwa kurudi masomoni, wengine kwa ndoa nzuri, wengine katika kanisa. Kwa hiyo wewe mwenye miaka 40 usifunge kitabu.

KWA WEWE ULIYEKWISHA KUKUA

Umejenga nyumba, huna deni. Unafanya kazi mbele wengine hawajaamka. Lakini hulali mpaka umesikia pumzi za wote. Unaficha unga kidogo mahali ambapo mke wako hajui, hata mwaka wa mavuno mengi. Mtoto wako akilia kwa jambo dogo, hasira inakupanda, unasema, "Mimi katika miaka yako nilikuwa nikijipikia." Ni kweli ulikuwa ukijipikia. Ulikuwa pia ukilia, ila hapakuwa na mtu wa kusikia, ukaacha.

Na ugonjwa unauficha. Kikohozi kinapita majuma mawili, unanunua vidonge sokoni. Sharti makohozi yapimwe, kwa sababu kifua kikuu kinapona kikipata dawa mapema, na ukikaa nacho unawapa watoto unaowapenda. Uvimbe katika ziwa unaufunga kwa kitambaa. Mimba ya tano unasema, "Nitajizalia mwenyewe, mama yangu hakuwako hata mimba ya kwanza." Damu ya uzazi humwua mwanamke hodari kama inavyomwua mnyonge, tena kwa saa chache.

Mwaka wa 1998 waganga wawili wa Marekani, Vincent Felitti na Robert Anda, waliandika juu ya maelfu ya watu wazima walioulizwa habari za utoto wao: nani alipigwa, nani alitukanwa, nani aliishi na mlevi. Kadiri taabu za utoto zilivyokuwa nyingi, ndivyo magonjwa ya moyo, ya mapafu na ya ini yalivyozidi katika ukubwa. Usisikie hili kama laana. Lisikie kama sababu ya kupima damu yako mara kwa mara, na kuacha tumbako na pombe, ambavyo wengi huvitumia kunyamazisha mambo ya zamani.

Kupokea msaada ni kazi ya mikono kama kusuka kitunga. Anayeanza anafanya vibaya. Anza na kidogo. Juma hili mwombe jirani jambo moja unaloweza kulifanya mwenyewe, kukushikia ngazi, kukuchotea ndoo moja. Utaona aibu. Omba vilevile. Mwambie mke wako ao mume wako jambo moja la utoto wako, moja tu, wakati taa imezimwa. Na kwa watoto wako, kama hukumwona mtu akilea, hujui pa kuanzia, shika yale maswali ya yule mama wa shamba. Kila jioni uliza: umekula nini, umecheza na nani, unaumwa wapi. Mara ya kwanza watashangaa. Siku ya kumi watakuja wenyewe kukusimulia mbele hujauliza.

Ninyi majirani na wazee wa kanisa, msianze kwa kuwatukana wazazi mbele ya mtoto. Mtoto atasimama upande wao, na hamtamwona tena. Mpeni kazi ndogo ya mlangoni penu, akimaliza ale pamoja na wenu katika sahani moja. Mwite kwa jina. Kisha mmoja wenu aende kusema na baba yake, siku ambayo hakunywa.

UKIFIKA HAPA PEKE YAKO

Tunarudi kwako, mwanangu wa benchi. Kwenye meza ya fishi utaulizwa, "Mama yako yuko wapi?" Usijibu kwamba anakuja nyuma, kama haji. Tukisikia hivyo tutamngoja, na mdogo wako atangoja pamoja nasi. Sema, "Mama haji. Mimi ndiye ninayemwangalia." Hatutakufukuza kwa neno hilo. Taja jina la mtoto, miaka yake, alianza kuugua siku gani, alikunywa nini tangu jana, alikojoa mara ngapi. Ukumbuke pia dawa yoyote aliyopewa nyumbani, hata ya kienyeji, hakuna atakayekukasirikia.

Akilazwa, muuguzi atakuuliza na wewe: ulilala wapi, ulikula lini. Usiseme, "Mimi niko sawa." Jibu swali lililoulizwa. Kisha mpe mdogo wako kwa mama aliye kitanda cha pili amshike, uende nyuma kwenye jiko la wagonjwa. Akina mama wanapika uji pale asubuhi na jioni. Waambie umetumwa na muuguzi, na uketi chini mpaka umalize kikombe.